Potasiamu iko ndani ya shamba letu: tusiiache ipotee njiani



Kwenye mufuko wa mbolea ya duka munaonaka namba tatu: 17-17-17. Namba ya tatu inahusu potasiamu. Hiyo njo inasaidia ndizi kujaa na kiazi kunenepa. Shamba likiikosa, majani ya zamani yanaungua pembeni na mavuno yanashuka. Mukulima anaona na anajua kuna kitu kinakosekana.

Lakini mwili wetu nao? Mutu anahitaji potasiamu kila siku, na akiikosa, hakuna jani la kuungua ili majirani waone. Ndiyo maana tunaizungumuzia leo. Habari njema ni kwamba haitafutwi kwenye farmasi. Iko katika vyakula ambavyo sisi wenyewe tunalima.

Inafanya kazi gani mwilini

Potasiamu inasaidia misuli kukaza na kulegea, na moyo nao ni musuli. Inasaidia pia figo kutoa chumvi ya ziada kupitia mukojo, na mishipa ya damu inalegea. Kwa hiyo mutu anayekula chumvi nyingi na potasiamu kidogo anajitengenezea njia ya tansio. Tansio haina kelele: wengi wanaijua siku moyo umechoka ao upande mumoja wa mwili umepooza.

OMS inashauri mutu mukubwa apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, na chumvi isipite gramu 5, ni kusema kijiko kidogo kimoja. Katika hicho kijiko hesabu pia zile kube za kutia ladha kwenye supu, maana zimejaa chumvi.

Sahani ya siku moja

Miligramu 3,510 inaonekana nyingi, lakini tuhesabu pamoja. Hizi ni hesabu za karibu, kwa chakula kilichokwisha kupikwa:

- Maharagi, gramu 200: miligramu 700
- Viazi ulaya vilivyochemshwa na ganda, gramu 300: miligramu 1,100
- Lengalenga, gramu 150: miligramu 900
- Nusu ya avoka: miligramu 480
- Ndizi mbivu moja: miligramu 360

Jumla ni miligramu 3,540. Siku imetimia, bila kununua kitu chochote cha mbali. Kama viazi ulaya havioti kwenu, weka ndizi za kupika ao viazi vitamu. Soya, karanga na matembele pia vinasaidia.

Sasa, kama vyakula hivi viko kwetu, kwa nini sahani nyingi zinabaki na bugali, majani kidogo na chumvi? Ni kwa sababu potasiamu inatuponyoka mahali patatu.

Mahali pa kwanza: sokoni

Tuseme gari la munuzi limefika. Maharagi yanapanda, avoka zinapanda, mikungu ya ndizi inapanda. Jioni mama ananunua muchele kwa sehemu ya zile franga. Gramu 300 za muchele mweupe uliopikwa zinaleta karibu miligramu 100 tu za potasiamu. Uzito uleule wa maharagi yaliyopikwa unaleta zaidi ya 1,000. Tumeuza kumi, tumenunua moja.

Hatusemi musiuze. Pesa ya masomo, dawa na nguo vinatoka mulemule. Tunachosema ni hiki: fungu la nyumbani litolewe mbele ya kupima, siyo kisha. Kama familia inangoja kuona kitakachobaki, mara nyingi hakibaki kitu. Baba na mama wakae pamoja mbele ya mavuno, wahesabu vinywa vilivyo nyumbani, waweke debe lao pembeni. Tena avoka ambayo munuzi anaikataa kwa sababu imechubuka haijapoteza nguvu yake. Hiyo ni ya watoto.

Kwa lengalenga, hauhitaji shamba kubwa. Tuta moja karibu ya nyumba, linalomwagiwa maji ya kuoshea vyombo wakati wa jua, linaweza kulisha familia mara nyingi kwa juma.

Mahali pa pili: ndani ya chungu

Moto hauharibu potasiamu, lakini maji yanaibeba. Ukimenya viazi, ukavikata vidogovidogo, ukavichemsha katika maji mengi na kuyamwaga, umemwaga sehemu ya chakula. Kwa hiyo:

- Chemusha viazi na ndizi katika maji kidogo. Viazi vikiwa na ganda ni vizuri zaidi.
- Supu ya maharagi isimwagwe, itakuwa muchuzi.
- Lengalenga ioshwe mbele ya kukatwa, ipikwe kwa maji kidogo, na maji yake yaliwe pamoja nayo.

Kuna jambo moja ambalo halifuati sheria hii: muhogo muchungu. Yale maji ya kuloweka yanachukua potasiamu, ni kweli, lakini yanatoa pia sumu. Usifupishe siku za kuloweka, na yale maji usiyatumie kabisa. Sumu hiyo njo inaleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao hauponi. Kile bugali ya muhogo inakosa, tukitafute katika maharagi na mboga zinazokwenda nayo.

Mahali pa tatu: nyuma ya nyumba

Kila mukungu wa ndizi unaotoka shambani unaondoka na potasiamu ya udongo. Kama hatuirudishi, migomba inachoka mwaka kwa mwaka. Maganda ya ndizi, mashina ya migomba na makapi ya maharagi vyote vina potasiamu: visitupwe kwenye barabara, visichomwe ovyo. Viende kwenye shimo la mboji ao chini ya migomba.

Majivu ya kuni nayo ni mbolea ya potasiamu. Yahifadhi pakavu, kwa sababu mvua ikiyapiga, potasiamu inakwenda na maji. Nyunyiza kiasi, changanya na udongo, usirundike kwenye shina. Wala usiyachanganye na ire ao samadi mbichi, kwa maana azoti itapanda hewani ikupotee.

Wakati wa kuhara na kipindupindu

Mutu anayehara anapoteza maji, chumvi na potasiamu kwa haraka, na mutoto anachoka mbele ya mukubwa. Pakiti ya SRO ina sukari, chumvi na potasiamu ndani. Maji ya sukari na chumvi ya nyumbani hayana potasiamu, kwa hiyo yanasaidia tu wakati munaitafuta SRO. Changanya pakiti katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mumupe mugonjwa kidogokidogo, mara kwa mara, na mumupeleke kwenye kituo cha afya. Mutoto anayenyonya aendelee kunyonya. Anayekula chakula asinyimwe: ndizi mbivu iliyopondwa ni nzuri.

Nani aangalie?

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze vyakula hivi kwa kusoma gazeti tu. Figo zilizochoka zinashindwa kutoa potasiamu inayozidi, na ikijaa katika damu inaweza kusimamisha moyo. Dawa zingine za tansio pia zinaizuia isitoke. Kama uko na ugonjwa huo ao unakunywa dawa hizo, muulize munganga kwanza. Wala mutu asiache dawa yake ya tansio kwa sababu amepanda lengalenga.

Kwa mukutano unaokuja

Tunaomba kila kikundi kijibu maswali matatu na kuandika jibu katika daftari ya ushirika:

1. Katika mavuno yaliyopita, kila nyumba ilibakisha maharagi ya siku ngapi?
2. Mavuno yanayokuja, fungu la nyumbani litakuwa kiasi gani, na nani atalichunga?
3. Maganda na majivu yetu yanakwenda wapi leo?

Mavuno yakiisha, fungueni tena ile daftari, mulinganishe.