Kizunguzungu: Kwa Nini Daktari Hupima Macho?

 

Labda nyumbani kwako yuko mama mkwe ambaye kila akijigeuza kitandani huona nyumba inazunguka. Majirani wanasema ni presha, wengine wanasema ni upungufu wa damu. Amemeza tembe hizi na zile, na bado anashika ukuta akienda chooni. Wewe unaogopa ataanguka siku moja akiwa amembeba mtoto.

Kizunguzungu cha aina hii mara nyingi hutoka ndani ya sikio. Huko ndani kuna kiungo kinachouambia ubongo kichwa kimegeukia wapi, na kinafanya kazi pamoja na macho. Sikio likipeleka habari zisizo sawa, macho huanza kuchezacheza yenyewe. Ndiyo sababu daktari hutazama macho ili ajue shida ya sikio.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mgonjwa huketi kitandani, kichwa hugeuzwa upande mmoja, kisha hulazwa chali kwa haraka. Macho yakichezacheza kwa muda usiozidi dakika 1 kisha yakatulia, huenda vijiwe vidogo sana vya sikio vimetoka mahali pake. Tiba yake si tembe. Mhudumu aliyefunzwa hugeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka vijiwe virudi. Mwenye maumivu ya shingo au mgongo aseme kabla ya kulazwa.

Hospitali nyingine kubwa zina miwani yenye kamera ndogo. Mgonjwa hufuata nukta ya mwanga kwa macho, hulazwa pande mbalimbali, kisha kila sikio hutiwa hewa au maji, ya joto kiasi na ya baridi kiasi. Atasikia kizunguzungu kwa dakika chache, kisha kitaisha. Hakuna sindano.

Kabla ya kipimo hicho:
- Asipake wanja.
- Asile chakula kizito wala kunywa pombe.
- Amwulize daktari ni dawa zipi aache kwanza. Asiache dawa za presha, sukari au kifafa kwa uamuzi wake mwenyewe.
- Aandamane na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Lakini mama, kuna kizunguzungu kisichongoja. Kikija ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kusimama, mpeleke hospitali mara moja. Huenda ni kiharusi. Mama mjamzito mwenye kizunguzungu pamoja na kuumwa sana na kichwa au kuona ukungu naye asingoje hadi siku ya kliniki.

Mkifika kwa daktari, usiseme tu “ana kizunguzungu.” Eleza kinaanza akifanya nini, na kinachukua muda gani. Maneno hayo mawili humsaidia sana.