Maji ya Akiba ni Amana ya Nyumba

Mwezi Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kilipopungua kwa ukame, Dar es Salaam iliingia katika mgao wa maji. Nyumba isiyo na akiba hunywa maji yoyote iyapatayo, na kipindupindu huingilia mlango huo.

Ndugu Waislamu, tujiandae mapema. Kila mtu ahesabiwe lita 4 kwa siku, za kunywa na kupikia, kwa siku 3. Familia ya watu 6 itahitaji lita 72. Madumu 4 ya lita 20 yatatosha. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba lisitumike kamwe. Maji yachemshwe hadi yatokote kwa dakika 1, yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yatiwe katika dumu safi na kuwekwa kivulini. Kila Ijumaa tubadilishe dumu moja. Maji ya zamani yafulie nguo.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kufunika vyombo usiku. Basi kikombe kisitumbukizwe dumuni; maji yamiminwe.

Tumekuwa tukiulizwa: akiba ikibaki ya kunywa tu, je, tuitawadhie? Mafakihi wamebainisha kwamba anayechelea kiu, yake au ya wanaomtegemea, hutayamamu na swala yake ni sahihi. Mama asimnyime mtoto maji kwa ajili ya udhu. Sheria imekwisha kumpa nafasi.

Wallahu a'lam.