Ua la Alizeti na Hekima ya Jicho

Apitaye kando ya mashamba ya alizeti mkoani Singida huyaona maua kuwa ya manjano jua linapochomoza, linapokuwa utosini na linapotua. Jambo hilo twalichukulia kuwa la kawaida, ilhali ni la ajabu. Mwanga wa machweo una wekundu mwingi kuliko ule wa adhuhuri, hivyo hata mwanga utokao kwenye ua hadi jichoni hubadilika. Kwa nini basi ua lenyewe halibadiliki?

Mwanazuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki takriban mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba rangi hulifikia jicho ikiwa imechanganyika na mwanga, na kwamba kuona hukamilishwa na akili inayopambanua. Katika miaka ya 1970, Edwin Land wa Marekani aliweka ubao wenye karatasi za rangi nyingi, akarekebisha taa hata karatasi ya kijani ikarudisha mwanga uleule uliokuwa umerudishwa na karatasi ya rangi nyingine. Watazamaji waliendelea kuiona kuwa ya kijani.

Naam, ubongo haukipimi kitu kikiwa peke yake. Hukilinganisha na vilivyo jirani nacho, hukadiria rangi ya mwanga uliopo, kisha huiondoa katika hesabu.

Hata hivyo, neema hiyo ina mpaka wake. Mtoto mchanga aweza kupata homa ya manjano katika siku zake za mwanzo, na ikizidi huweza kumdhuru ubongo. Atazamwapo usiku kwa kibatari, shuka, ukuta na ngozi yake vyote huwa vimepata umanjano wa moto. Ubongo unapouondoa umanjano wa taa, huweza kuuondoa pamoja na ule wa maradhi, na mzazi akalala akiamini mwanawe ni mzima.

Kwa hiyo twawanasihi wazazi wamtazame mtoto mchana, mlangoni au karibu na dirisha, wakiangalia weupe wa macho na ufizi, kwani kwenye ngozi nyeusi dalili hujificha. Wakiona umanjano, hasa siku ya kwanza ya uhai wake, wasitosheke na kumwota jua. Wampeleke kituo cha afya bila kukawia.