Je, Wajua? Pembe Mraba, kutoka Nyali hadi Makka

Je, wajua kwamba mistari miwili ikikatana kwa pembe mraba, yaani digrii 90, ukizidisha miteremko yao unapata -1? Mmoja ukiwa na 3/2, mwenziwe ana -2/3. Pindua sehemu juu chini, badili alama, basi.

Wala si mazingaombwe. Chora mstari wa miraba 2 kulia na 3 juu, kisha uzungushe karatasi robo mzunguko kuelekea kushoto. Sasa unakwenda miraba 3 kushoto na 2 juu. Gawanya 2 kwa -3.

Je, wajua njia fupi ya kwenda baharini? Tuseme kwenye ramani yako ufuo wa Nyali, Mombasa, unapanda miraba 2 kaskazini kwa kila mraba 1 wa mashariki. Mteremko ni 2, kwa hivyo njia ya mkato ina -1/2: miraba 2 mashariki, 1 kusini. (Kuta za mahoteli hazimo katika hesabu hii.)

Je, wajua kwamba mwanahisabati René Descartes, katika jiometri aliyoichapisha 1637, alisema hajui fumbo lenye manufaa kuliko kutafuta mstari unaoukata mstari uliopinda kwa pembe mraba?

Je, wajua kanuni hii ya -1 hukwama msikitini? Makka iko longitudo ya 39°50' mashariki, Mombasa karibu 39°40'. Basi kibla cha Nyali, yaani upande wa Makka, ni kaskazini. Tofauti haifiki hata nusu digrii. Kwenye karatasi, mstari wa kibla unasimama wima na mteremko wake haupo, maana ungegawanya kwa 0. Safu za waumini zinalala mashariki-magharibi, mteremko 0. Pembe ni mraba kabisa, ila -1 huipati ng'o! Mwanafunzi aliyekariri kanuni bila sharti hili, kwamba mstari usiwe wima, amejifunza nusu.

Na kipimo cha mhimili wa X kikitofautiana na cha Y, pembe mraba huenda isionekane mraba. Hesabu iamini, jicho liache.

Je, wajua unaweza kujipimia kibla mwenyewe? Mei 27 au 28, kwenye saa 6:18 mchana, jua huwa utosini pa Kaaba huko Makka, na saa za Saudia ni zetu hizi hizi. Chomeka kijiti wima uani. Kivuli kitalala kusini; kibla ni upande wa pili. Kikate kivuli kwa pembe mraba, safu hiyo. Ukikosa kwa mawingu, ngoja Julai 15 au 16, saa 6:27.