Bafu dogo Moro: hela ianzie chini ya marumaru

Wadau, ukisema unakarabati bafu, wengi wetu tunakimbilia dukani kuchagua marumaru. Hapo ndipo hela inapopotea! Kinachoua bafu ni bomba linalovuja ukutani na sakafu inayotuamisha maji. Ukishabandika marumaru juu yake, kurekebisha ni kutindua upya.

Tuchukue bafu la mita 1.5 kwa 2.

1. Fundi bomba kwanza. Abadilishe mabomba chakavu, aweke na koki ya kufungia bafu peke yake. Acha maji kwenye bomba siku nzima, uangalie kama linavuja, ndipo ukuta uzibwe.

2. Sakafu ishuke kama sentimita 2 kila mita kuelekea tundu la maji machafu. Mwaga ndoo ya maji. Yakituama, fundi arudie.

3. Sasa marumaru. Sakafu na kuta zote hadi kimo cha mita 1.5 ni kama mita za mraba 14, ukijumlisha asilimia 10 ya kukatika. Ukiweka sakafu na kuta mbili za upande wa kuogea tu, ni 9. Kwingine piga niru na rangi ya mafuta, inatosha kabisa.

Hela ya hizo mita 5 iende kwenye tangi. Mji wetu unakunywa Bwawa la Mindu na vijito vya Uluguru: masika maji huja na tope, kiangazi hupungua. Bafu zuri lisilo na maji ni pambo tu.

Haya, shika futi kamba, pima kabla hujaita fundi.