Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Kuiga kompyuta nzima ni kutunga programu inayojifanya mashine: prosesa, kumbukumbu, diski, kibodi, hata saa ya ndani. Mfumo endeshi ukiwekwa humo huamka, hukagua vifaa vyake na kuanza kazi bila kubadilishwa hata herufi moja. Kila unapogusa, unajibiwa kama vile chuma kipo. Programu hiyo huitwa emuleta.

Prosesa za jamii ya Intel zikikuta baiti B8 05 00 00 00, huweka namba 5 katika rejista, kihifadhi kidogo cha ndani, iitwayo EAX. Kwa prosesa ya ARM, iliyomo katika simu nyingi, baiti hizo hazina maana hiyo. Ili kuziendesha kwenye simu, emuleta hutenga pahali katika kumbukumbu ya simu, hupaita EAX, na kuandika humo 5. Bochs, iliyoanzishwa na Kevin Lawton mwaka 1994, huenda hivyo amri kwa amri, na kwa sababu hiyo ni nzito. QEMU ya Mfaransa Fabrice Bellard, iliyotoka mwaka 2003, hufasiri kifungu kizima cha amri na kukihifadhi. Kikirudiwa mara elfu, hakifasiriwi upya. Ni ubunifu wa kupendeza kweli. Diski nayo ni faili tu, la kunakiliwa kwenye flashi.

Umuhimu wa emuleta huonekana wazi katika viwanja vya ndege. Mnamo Novemba 2015, safari zilisimama Orly, Paris, baada ya kuharibika kwa DECOR, mfumo unaowafikishia waongoza ndege taarifa za hali ya hewa. Gazeti la Le Canard enchaîné liliandika kwamba ulitumia Windows 3.1, ya mwaka 1992. Taarifa hizo huwa na vifupisho: uwanja wa Luano, Lubumbashi, kwa mfano, hutambulishwa humo kwa herufi FZQA, mbili za mwanzo zikiwa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upepo, mwonekano na kanieneo huandikwa kwa mafumbo mafupi ambayo hayabadiliki upesi. Programu ya zamani ya kuyasoma haiozi. Kinachochakaa ni mashine yake, na vipuri havipatikani tena; hapo ndipo emuleta huchukua nafasi yake.

Hata hivyo, emuleta haipimi upepo. Kadi ya pekee iliyounganishwa na kipimo cha nje lazima nayo iigwe au ipitishiwe mawimbi yake, na programu iliyotegemea mwendo kamili wa prosesa ya zamani inaweza kwenda kasi mno au kuchelewa. Katika kazi ya kuongoza ndege, mashine ya kuigwa inapaswa kujaribiwa sambamba na ile ya chuma kabla ya kukabidhiwa zamu.