Matembezi Mafupi hadi Maporomoko: Maandalizi ya Afya Kabla ya Kuingia Msituni

Katika kliniki za magonjwa yasiyoambukiza, hakuna ushauri unaotolewa mara nyingi kama huu: fanya mazoezi. Mgonjwa huitikia, hukunja kadi yake na kuondoka, bila kujua aanzie wapi, aende umbali gani, wala aishie wapi. Ushauri wa namna hiyo ni sawa na dawa iliyoandikwa bila dozi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, wakiwemo wanaoishi na kisukari na shinikizo la juu la damu. Matembezi mafupi msituni yanaweza kuwa sehemu ya dozi hiyo. Na kama ilivyo kwa dozi yoyote, yanahitaji kupimwa.

Mfano mzuri upo Mang'ula, katika Wilaya ya Kilombero, mkoani Morogoro. Hapo ndipo lilipo lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Wageni wengi huvutiwa na maporomoko makubwa ya Sanje, ambayo maji yake huanguka takriban mita 170 na njia yake ni ya kupanda kwa saa kadhaa. Lakini jirani na lango hilo yapo maporomoko madogo ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuwa rais wa kwanza wa shirika la uhifadhi la WWF. Njia yake ni fupi, yapata kilomita moja, chini ya kivuli cha miti mikubwa wanamoishi mbega wekundu.

Ufupi huo ndio unaovutia, na ndio unaohadaa. Kwa kuwa safari ni ndogo, watu huenda na kandambili, bila maji, bila dawa, na bila kumwambia mtu waliko. Mang'ula iko chini, ukingoni mwa bonde la Kilombero, hivyo tatizo la hewa nyepesi ya milimani halipo. Lililopo ni joto na unyevu, ambao huzuia jasho kukauka na hivyo huuzuia mwili kupoa. Yapo pia mawe yaliyoota ukoka na kuvu, ambayo huteleza zaidi wakati wa kushuka, miguu ikiwa tayari imechoka.

Nani aende, nani asubiri

Kabla ya kupanga siku, mgonjwa apimwe. Aliye na shinikizo la damu la 180/110 au zaidi aahirishe hadi litulie. Vivyo hivyo kwa anayebanwa kifua anapotembea, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni, mwenye kidonda mguuni, aliyebanwa na pumu siku chache zilizopita, au mwenye homa. Kuahirisha si kushindwa; maporomoko yatakuwapo.

Aliyezoea kukaa ajiandae kwa wiki kadhaa, akianza na dakika 10 za kutembea mtaani, kisha 20, kisha 30, na baadaye atafute mwinuko. Kipimo cha kasi hakihitaji mashine: mtu aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Akishindwa kumaliza sentensi, amezidisha. Kipimo hiki kinawafaa hasa wanaotumia dawa za moyo kama atenololi na propranololi, kwa kuwa dawa hizo hupunguza mapigo ya moyo, na mtu akihesabu mapigo peke yake atadanganyika.

Kila ugonjwa na tahadhari yake

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, hatari iliyo karibu ni sukari kushuka. Apime kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kwanza. Ikizidi 15 na anajisikia vibaya, asiende. Mfukoni, si kwenye begi lililobebwa na mwenzake, awe na sukari. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, ale vijiko vitatu vya chai vya sukari, akae, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Wenzake wajue kwamba aliyechanganyikiwa huweza kukataa kwamba anaumwa, na kwamba asiye na fahamu hapewi kitu chochote mdomoni.

Miguu yake ichunguzwe. Kisukari cha muda mrefu huua hisia, na lengelenge lisilouma linaweza kuwa mwanzo wa kidonda kitakachomfikisha kwenye kukatwa mguu. Avae raba zilizokwisha zoea mguu, na soksi kavu. Kiatu kipya kisianze kazi msituni.

Wapo wenye shinikizo la damu ambao huacha kidonge cha kuongeza mkojo siku ya safari ili wasisumbuke njiani. Wengine humeza na kutembea juani bila maji, wakapata kizunguzungu. Njia sahihi ni kumuuliza mtoa huduma mapema kuhusu saa ya kumeza. Maji ya kunywa yapata nusu lita kwa kila saa yanawatosha wengi, lakini mwenye moyo au figo zilizodhoofika afuate kiwango alichopangiwa.

Mwenye selimundu anaweza kutembea pia, akinywa maji mara kwa mara na kupumzika kabla hajachoka. Hatari yake iko mwisho wa njia. Dimbwi chini ya maporomoko huwa baridi, na kuingia humo mwili ukiwa na joto kunaweza kuamsha maumivu makali. Atazame, anawe uso, asiogelee. Mwenye kifafa naye asiingie majini. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, aijaribu kabla ya kuondoka, na amwonyeshe mwenzake inavyotumika.

Siku yenyewe

Miezi ya Juni hadi Oktoba ni afadhali, kwa kuwa masika huacha njia telezi na mito iliyojaa. Safari ianze asubuhi. Milima iko upande wa magharibi, hivyo jua hupotea nyuma yake mapema na msitu huwa giza kabla ya jioni kamili. Langoni, msafiri alipe ada, aulize hali ya njia na achukue mwongozaji. Aache taarifa ya muda anaotarajia kurudi, maana huko ndani simu si ya kutegemea.

Suruali ndefu humkinga mtu dhidi ya mbu, siafu na upupu. Fimbo husaidia magoti wakati wa kushuka. Maji ya mto yakibadilika rangi ghafla au yakianza kuleta majani na matawi, mvua imenyesha juu. Watu watoke kando ya maji mara moja. Mahali maji yanapotulia panaweza kuwa na konokono wa kichocho, na maji ya kijito hayanywewi bila kuchemshwa au kutiwa dawa.

Akiumwa mtu na nyoka, atulizwe, avuliwe pete na viatu, kiungo kifungwe gango kama kilichovunjika, abebwe hadi hospitali. Asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asinyonywe jeraha, wala asibandikwe jiwe jeusi. Kila moja ya hayo hupoteza muda, na mengine hupoteza kiungo.

Kwa watoa huduma

Mgonjwa anapotaja safari, dakika tano zinatosha kumuuliza: unatembea umbali gani sasa bila kupumzika? Unatumia dawa zipi, na saa ngapi? Nani atakuwa nawe, na anajua nini kuhusu ugonjwa wako? Kituo cha afya kilicho karibu ni kipi? Utageuka saa ngapi hata kama hujafika? Swali la mwisho husahaulika sana, ilhali ndilo linaloweka akiba ya nguvu za kurudia. Mwenda pole hajikwai, lakini hata mwenda pole huchoka.

Maandalizi hayaishi langoni. Usiku huo mwenye kisukari apime sukari kabla ya kulala, kwani misuli huendelea kuivuta kwa saa nyingi baada ya mazoezi. Akague nyayo na katikati ya vidole. Na yeyote atakayepata homa katika wiki zinazofuata asidhani ni uchovu. Apimwe malaria, na amweleze mhudumu kwamba alikuwa Kilombero.